Mama Mkwe Alikuwa Bombani

Kaka yangu alipojiunga na zimamoto ya kujitolea ya mji wetu wa Mahajanga, bibi yetu alikataa kumpa mkono kwa mwezi mzima. Kabla ya vita vya pili vya dunia bibi aliwahi kukaa Unguja kwa dada yake, na huko alisikia kwamba watu wa zimamoto hukamata wapita njia na kuwanyonya damu. Kaka alipokuja kumwonyesha kofia yake ya shaba, bibi alijivutia shela mpaka shingoni, akamwambia aketi mbali, karibu na mlango.

"Bibi, mimi ni mjukuu wako."

"Ndiyo maana nimekuacha uingie."

Mimi nilicheka. Nilikuwa nimerudi kutoka Ufaransa na shahada ya sheria, na habari za damu sikuziamini. Hata hivyo nilimshuku kaka kama bibi alivyomshuku, ila kwa sababu nyingine. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wafaransa, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Mtu wa kwetu akienda ofisini kwao alisubiri nje mpaka Mzungu wa mwisho ahudumiwe. Sasa mtu huyohuyo anaacha kazi yake gereji, anakimbia juani, anapanda mapaa yanayowaka, bila hata senti. Nilitaka kujua kwa nini.

"Wanakulipa nini?" nilimuuliza.

"Hawanilipi."

"Basi wanakupa nini?"

"Kofia na mkanda. Kofia ni ya kurudisha."

Sikuridhika. Niliwauliza wenzake, mmoja mmoja, kana kwamba ninapiga porojo tu. Karani wa duka la Mhindi aliniambia kwamba tajiri wake ndiye aliyemtuma, ili duka lipendwe na wakubwa. Mpagazi mmoja wa bandarini, jitu la mabega mapana, alisema anapenda kuvunja vitu, na hapa anaruhusiwa. Wa tatu alisema mkewe hugomba sana siku za Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ya mazoezi. Nilirudi nyumbani nikiwa na majibu matatu, na hakuna hata moja lililomfaa kaka. Kaka hakuwa na duka, hakupenda kuvunja, na mkewe alikuwa mpole.

Niseme hapa kwamba mazungumzo ninayoyaandika hayakuwa ya Kiswahili. Nyumbani tulisema Kikomoro, njiani Kimalagasi, na mbele ya mkuu wa zimamoto, Mfaransa mwenye gereji ambaye ndiye pia tajiri wa kaka, kila mtu alijitahidi kwa Kifaransa chake. Kiswahili ni cha bibi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika barua, na ndicho ninachoandikia mambo ambayo sitaki kuyapamba.

Kaka aliishi mtaa wa Tsaramandroso, nyumbani kwa mkewe. Kwetu sisi tuliotoka Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Wazazi humjengea binti, mume huja na sanduku lake, na wakiachana huondoka nalo. Mwanamume anaweza kuishi humo miaka thelathini, akapaka chokaa, akabadilisha paa mara kumi, na bado akawa mgeni mwenye heshima. Jambo hili halizungumzwi, kwa kuwa hakuna asiyelijua. Nyumba ya mke wa kaka ilikuwa nyuma, na mbele yake, ikiangalia njia, palikuwa na nyumba ya mama mkwe. Hiyo ya mbele ilikuwa na ukuta wa mawe upande wa njia, pande nyingine kuta za fito za rafia, na juu yake paa la majani ya satrana, ambayo huezekwa kama makuti na huwaka kama makuti.

Mimi nilikuwa nimepata kazi ya muda katika ofisi ya manispaa. Shahada yangu iliwatia wasiwasi, basi wakanipa kunakili ramani. Siku moja nilipewa ramani ya Tsaramandroso yenye mstari mwekundu uliopita katikati ya nyumba za watu, ukionyesha barabara pana ambayo haikuwepo. Niliufuata mstari kwa kalamu. Ulikata kona ya msikiti mdogo, ukala uwanja wa fundi cherehani, kisha ukapita juu ya nyumba ya mama mkwe wa kaka, ukutani hasa, kwenye mawe.

Wiki tatu baadaye moto ulitokea.

Ulianza alasiri, saa ambayo upepo wa baharini huingia mjini. Mwanamke mmoja alikuwa akikaanga kahawa, cheche ikashika ukuta wa jiko. Nilisikia tarumbeta ya zimamoto nikiwa ofisini, nikaacha wino wazi nikakimbia. Nilipofika, nyumba nne zilikuwa zinawaka na upepo ulikuwa unasukuma moto kuelekea njiani. Pampu ilikuwapo lakini maji yalikuwa haba, maana mtaa mzima ulikuwa umejipanga kwenye bomba moja kuchota kwa ndoo. Mkuu aliangalia upepo, akaangalia nyumba, akaamua kukata njia ya moto. Maana yake ni kubomoa nyumba ambayo bado haijaungua, ili moto ukifika ukose cha kula. Nyumba aliyoionyesha kwa kidole ilikuwa ya mama mkwe.

Aliuliza kwa Kifaransa, "Mwenye nyumba ni nani?"

Baba mkwe wa kaka alikuwa amesimama mlangoni na saa ya ukutani mikononi. Mzee yule alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu ujana wake. Mbele yake alisimama Mfaransa mwenye kofia ya shaba, nyuma yake majirani wote. Kusema "si yangu, ni ya mke wangu" kwa Kifaransa, mbele ya mtu ambaye angecheka, kulimshinda.

"Mimi," akasema.

"Unaruhusu?"

"Bomoeni."

Kaka alikuwa ameshika kulabu ya mpini mrefu. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba neno lile halikuwa na uzito wowote. Nilimwona akigeuza kichwa kuelekea bombani. Mama mkwe alikuwa kule, hatua kama thelathini, ametupa mgongo, anasubiri ndoo yake ya pili ijae. Kaka alimtazama kwa muda ambao ungetosha kumwita. Kisha akarusha kulabu juu ya paa, akavuta, na yule mpagazi akavuta naye, na paa lote likaja chini.

Na hapo upepo ukalegea. Moto uliishia kwenye nyumba ya nne, haukufika kabisa pale palipobomolewa. Watu walibaki wakitazama ukuta wa mawe umesimama peke yake na nyuma yake lundo la majani na miti, makavu, hayajaguswa na moshi.

Mama mkwe alirudi na ndoo mbili. Aliziweka chini bila kumwaga.

"Nani kasema ndiyo?" aliuliza.

Mumewe alitazama saa aliyoishika, kana kwamba jibu lilikuwa humo. Kaka alivua kofia. Mama mkwe hakuuliza tena. Kabla jua halijazama, mke wa kaka alitoa sanduku la mumewe nje. Alikuwa amemkunjia mashati yote vizuri. Kaka alilibeba hadi kwa mama yetu, akalala chumbani kwangu.

Kesho yake mtaa ulikuwa na maelezo yake tayari, na yote yalikuwa na akili. Wa kwanza walisema amebomoa ya mkwe ili kuokoa kitanda chake mwenyewe kilichokuwa nyuma. Wengine walisema alitaka kujionyesha kwa tajiri wake. Na siku ya tatu fundi cherehani, ambaye naye alikuwa amesikia fununu za barabara, alisema kwa sauti dukani, "Hawa si wazimamoto, ni wapima ardhi. Moto ndio unaowafuata."

Nilijua jambo moja ambalo fundi hakulijua. Baada ya kunakili ile ramani, nilikula chakula cha mchana na kaka, nikamsimulia. Nakumbuka hata nilichora mstari kwenye mkeka kwa kidole chenye mchuzi. Kwa hiyo, kama kaka aliijua ile barabara kabla ya kurusha kulabu, aliijua kwangu mimi.

Sikumwambia mtu. Mama mkwe ndiye aliyenitafuta. Alikuwa amehamia chumba kimoja kwa binti yake, na alinipokea amesimama.

"Wewe msomi unauliza kila kitu," alisema. "Huyu kaka yako alitujia kutoka Nosy Be, kwenye kiwanda cha sukari. Tulimuuliza swala, tulimuuliza ukoo. Kazi alizofanya huko hatukumuuliza. Nenda ukaulize. Nikijua nimemwingiza nani ndani, nitajua kama binti yangu amfungulie mlango au aende kwa kadhi."

"Na ukisikia mabaya?"

"Basi aende kwa kadhi. Mimi si mtu wa kuzunguka."

Ningeweza kukataa. Lakini nilitaka sana kupata sababu nyingine, sababu yoyote iliyokuwa na umri mkubwa kuliko ule mchuzi wangu juu ya mkeka. Nilipanda meli ya pwani, nikafika kisiwani Nosy Be, nikadandia lori la miwa hadi Dzamandzar, penye kiwanda. Mji mzima ulinuka sukari ya kuungua. Nilimpata mtu wa tanuri aliyekuwa katika kikosi kimoja cha moto na kaka, Mkomoro wa Domoni, mwenye nyusi zilizoungua hata hazikuota tena.

"Kujitolea?" alicheka. "Mnyapara alitupanga asubuhi, akasema, nani anajitolea kikosi cha moto? Asiyejitolea atakata miwa Jumapili. Tukajitolea wote. Na waliojitolea walipewa chakula cha mchana cha moto, wali na samaki, wakati wengine wanakula muhogo. Kaka yako alipenda sana ule wali."

Nilifurahi, nakiri. Hatimaye sababu yenye uzito, ya kuweza kushikwa mkononi.

"Lakini baadaye akawa fundi mitambo," aliendelea. "Mafundi hawakati miwa, na wanakula vizuri hata bila kikosi. Akabaki miaka miwili zaidi. Hilo mimi silijui."

"Hukumuuliza?"

"Mtu haulizi mambo kama hayo. Wewe umesoma wapi?"

Kisha, bila mimi kuuliza, alinipa habari ya moto wa safu ya nyumba za wafanyakazi. Katika nyumba moja alikaa mwanamke wa Nosy Komba, kisiwa cha jirani, mdarizi. Alikuwa na vitambaa vya miezi mingi ndani ya kasha, vilivyokwisha kudariziwa, vya kuuzia abiria wa meli. Siku hiyo alikuwa amevuka kwenda kwao. Kaka alifika mlangoni akamwambia mume wa mwanamke walitoe lile kasha. Mume akasema kasha si lake, mwenyewe hayupo, yeye hawezi kufungua kitu cha mke wake mbele ya wanaume. Kaka akaheshimu. Akasimama pale akibembeleza mpaka paa likashika moto. Mwanamke aliporudi na mtumbwi alimtafuta kaka, si mume.

"Alimwambia nini?"

"Alimuuliza, ulikuwa unasubiri nini? Basi. Kaka yako akawa hali vizuri. Mwezi haujaisha, akaaga."

Katika meli ya kurudi niliigeuza habari hii kila upande. Ilieleza kila kitu. Kaka alisubiri ruhusa mara moja na mtu akapoteza jasho lake, kwa hiyo mara ya pili hakusubiri. Ilikuwa nzuri mno, na kwa sababu hiyo nilianza kuitilia shaka. Yule mtu wa tanuri alijua kwamba mimi ni ndugu. Kwa nini asinipe ya kunifurahisha? Na hata kama ilikuwa kweli, haikufuta mstari mwekundu. Mtu anaweza kuwa na majuto ya Nosy Be na pia akawa na faida Mahajanga.

Nilimkuta kaka akipiga pasi shati, maana sasa hakuwa na wa kumpigia.

"Nimetoka Dzamandzar," nilisema.

"Najua. Mama mkwe hafichi kitu."

"Ulijitolea kwa ajili ya wali."

"Mwanzoni, ndiyo. Wali wao ulikuwa mzuri."

"Na sasa?"

"Sasa wali ninao nyumbani. Yaani nilikuwa nao." Aligeuza shati. "Ulitaka nikujibu nini, mdogo wangu? Tarumbeta ikilia, mguu unanyanyuka. Nikikaa, siku ile yote siwezi kumtazama mtu. Sijui inaitwaje huko kwenye vitabu vyako."

"Nilikwambia habari ya barabara. Kabla ya moto."

"Ulisema."

"Basi ulijua."

"Sikukusikiliza. Wewe husema mambo mengi wakati wa kula."

Alisema bila hasira, na mpaka leo sijui kama aliniokoa au alinitukana. Nilimwambia twende kwa mama mkwe wote wawili. Alifunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni, tukaenda.

Nilieleza niliyoyasikia Nosy Be, la wali na la kasha. Kisha nikaeleza la ramani, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia. Mke wa kaka, aliyekuwa akichambua mchele, aliacha mikono ndani ya ungo. Baba mkwe alitoka nje taratibu. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisahau, akamgeukia kaka.

"Nilikuwa bombani," alisema. "Uliniona?"

"Nilikuona, mama."

"Ukanyamaza."

"Nilijua utakataa. Na ungekataa ningebomoa vilevile, moto ulikuwa unakuja. Nikaona afadhali nibomoe bila kukuuliza kuliko nikuulize unikataze, kisha nibomoe juu ya neno lako."

"Umejuaje kwamba ningekataa?"

Nadhani wakati wote huo kaka hakuwahi kujiuliza hilo, na mimi pia, niliyeuliza kila kitu hadi Nosy Be, sikuliuliza.

"Barabara ni ya serikali," alisema mama mkwe. "Serikali naijua, sikutarajia inisalimie. Wewe nilikupa binti." Akatuonyesha mlango. Hakusema ndiyo wala hapana.

Siku chache baadaye manispaa ilitoa amri kwamba ukuta uliobaki ni hatari, na kikosi cha zimamoto kiuangushe. Niliinakili barua ile mwenyewe, na safari hii nilimwambia kaka nikiwa nimemshika mkono ili asikilize. Jumamosi asubuhi walifika, mkuu, mpagazi, karani wa duka na kaka. Njia ilijaa watu. Fundi cherehani alikuwa ameleta na kiti.

"Leo hakuna hata moto," alisema fundi. "Wameona wasisumbuke."

Kaka alitoka mstarini kabla mkuu hajasema neno. Alimpita baba mkwe, akaenda hadi uani ambako mama mkwe alikuwa akiosha vyungu, akasimama.

"Mama, tumetumwa kuangusha ukuta wako. Nimekuja kukuuliza."

Mama mkwe alisuuza chungu alichokishika, akakipindua kwenye jua. "Nakataa," alisema.

Kaka alirudi njiani akamwambia mkuu kwa Kifaransa chake cha gereji, "Mwenye nyumba amekataa." Mkuu alimwonyesha baba mkwe na kusema mwenye nyumba ni yule, siku ile alikubali. Watu walimtazama mzee. Aliramba midomo yake.

"Siku ile nilikosea," alisema baba mkwe, taratibu, kwa Kifaransa. "Nyumba ni ya mke wangu. Mimi naishi tu."

Mpagazi, aliyependa kuvunja, aliweka kulabu yake chini akasema mkono unamuuma. Karani wa duka alikohoa. Mkuu alimwambia kaka avue kofia na mkanda, akavipokea, na akaongeza kwamba Jumatatu asije gereji. Kisha wakaondoka. Manispaa iliandika barua nyingine, nami nikainakili polepole sana, lakini vibarua wake hawakufika kabla ya mvua, na baada ya mvua kila ofisi ilikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuhofia.

Kaka alirudi kwa mkewe wiki hiyohiyo. Yeye na baba mkwe walisimamisha fito upya, wakaezeka paa jipya juu ya ukuta ule, na mama mkwe alikaa chini akiwaambia walipokosea. Mtaa ulisema kaka ni mjanja. Amepoteza kofia ya kuazima akapata nyumba. Mimi nilihesabu na kazi ya gereji aliyoipoteza, nikaona hesabu haikubali, lakini sikuwabishia. Miye mwenyewe nilikuwa nimeshamshuku kwa hilo.

Mwezi ule ule, mchana mmoja tukiwa kwao tunakula, tarumbeta ililia kutoka upande wa machinjio. Kaka alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha sahanini.

"Wewe si wao tena," mkewe alimwambia.

"Najua."

"Huna hata kofia."

"Najua." Alikuwa amekwisha simama, anatafuta viatu kwa mguu bila kuangalia chini.

Mkewe alimtazama mama yake, akitaka amkataze. Mama mkwe alivuta sahani ya kaka akaifunika kwa kawa.

"Mwache," alisema. "Chakula kitapoa, atakila hivyo hivyo."

Kaka akatoka mbio. Nilinawa mkono mmoja, nikachukua ndoo iliyokuwa uani, nikamfuata. Njiani niliwaambia walioniuliza kwamba naenda kutazama tu.